Plagini za efekti na utulivu wa programu za kuhariri video: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ndiyo maswali ambayo wahariri wa harusi, mahubiri, video za muziki na matangazo hurudia kuulizana kila programu inapojifunga katikati ya kazi. Yameanza na ya msingi, ya ajabu ajabu yako chini. Jibu lililokwisha kutolewa halirudiwi. Utaelekezwa kwenye namba yake.

## Kabla ya kulinganisha

1. Plagini ya efekti ni kitu gani hasa?

Ni msimbo ulioandikwa na kampuni nyingine, si ile iliyotengeneza programu yako ya kuhariri. Programu huupakia, huukabidhi fremu, nao huibadilisha na kuirudisha. Sapphire na Continuum za Boris FX, Trapcode na Universe za Red Giant ambayo sasa iko chini ya Maxon, Neat Video, Twixtor ya RE:Vision Effects na Element 3D ya Video Copilot zote ni za jamii hiyo. Kwa kuwa msimbo huo kwa kawaida hufanya kazi ndani ya tumbo la programu mwenyeji, ukianguka huanguka naye. Ndiyo maana lawama nyingi humwendea mwenyeji asiye na kosa.

2. Vifurushi vya transisheni, LUT na templeti navyo ni plagini?

Vingi sivyo, ingawa vinauzwa kwa jina hilo. LUT ni jedwali la namba za rangi. Priseti ni mipangilio iliyohifadhiwa ya efekti ambazo programu tayari inazo. Templeti za Motion kwa Final Cut Pro, faili za .mogrt za Premiere Pro na makro za Fusion kwa DaVinci Resolve ni miradi midogo iliyofungashwa.

Vitu hivi vikisumbua, sababu huwa ni uzito, fonti ambayo huna, au plagini halisi iliyoitwa ndani yake ambayo hukuisakinisha. Usiviweke kwenye mizani moja na Sapphire au Neat Video.

3. Nikilinganisha utulivu, napima nini?

Watu wengi huhesabu mara ngapi programu imejifunga, basi. Kujifunga ni kero, lakini angalau unakuona. Kuna kuganda, pale dirisha linapoacha kuitikia na hujui usubiri au uue. Kuna kushindwa kufungua mradi wa zamani. Na kuna lililo baya kuliko yote: fremu mbovu. Video inatoka salama, hakuna ujumbe wa kosa, halafu mteja anakupigia kwamba bibi harusi anapoingia ukumbini kuna mmweko mweusi wa fremu moja. Plagini inayojifunga mara moja kwa mwezi ni nafuu kwangu kuliko inayotoa fremu nyeusi kimyakimya. Namna ya kuzinasa fremu hizo iko swali la 9.

## Programu mwenyeji

4. Ipo programu inayostahimili plagini mbovu kuliko nyingine?

Kwa muundo, ndiyo: Final Cut Pro ya Mac. Mfumo wake wa plagini, FxPlug, kuanzia toleo la 4 huendesha plagini kwenye mchakato wake wa pembeni. Ikianguka, inaanguka peke yake. Unaweza kupoteza picha ya efekti hiyo lakini taimlaini ikabaki wazi mbele yako.

Premiere Pro na After Effects hutumia mfumo wa Adobe wenyewe, wenye faili za .aex kwenye Windows. DaVinci Resolve, Vegas Pro na Nuke hutumia OpenFX, maarufu kama OFX, kiwango cha wazi kilichoanzishwa na The Foundry. Huko kote plagini kwa kawaida huishi ndani ya mwenyeji, kwa hiyo kosa la mmoja ni msiba wa wote.

Hilo halina maana kwamba uhamie Mac kesho. Plagini nzuri ndani ya Resolve hutulia kuliko plagini mbovu ndani ya Final Cut.

5. Mbona plagini ileile inatulia After Effects lakini inasumbua Resolve?

Kwa sababu si faili ileile. Kiini cha hesabu ni kimoja, ila daraja linalokiunganisha na mwenyeji limeandikwa upya kwa kila mfumo. Daraja hilo ndilo linaloomba fremu za jirani, ndilo linalopokea kumbukumbu ya kadi ya picha kupitia CUDA, OpenCL au Metal (njia za programu kuifanyisha kadi hesabu), na ndilo lenye kasoro nyingi. Sapphire, kwa mfano, huuzwa kwa Adobe, kwa Avid na kwa OFX kama bidhaa tofauti, na unaweza kulipia zote kwa pamoja. Kwa hiyo mtu akikwambia plagini fulani ni mwamba, muulize kwanza: kwenye programu gani, toleo lipi?

6. Resolve ya bure inakubali plagini za nje? Na CapCut je?

Resolve ya bure inakubali OFX za nje. CapCut haipokei plagini za OFX wala za Adobe.

7. After Effects inaniwekea alama ya onyo kando ya efekti. Itaanguka?

Si lazima. Mwaka 2021 After Effects ilianza kurenda, yaani kukokotoa picha ya mwisho, fremu kadhaa kwa wakati mmoja kwenye viini tofauti vya prosesa. Plagini ya zamani iliyoandikwa kwa kudhani fremu huja moja moja haijathibitishwa kwa utaratibu huo, na alama inakuambia hivyo. Mara nyingi athari yake ni polepole tu: komposisheni nzima inarudi kwenye fremu moja moja. Ukiona kasi imeshuka ghafla baada ya kuongeza efekti moja ya miaka ya nyuma, tafuta alama hiyo kabla ya kufikiria kununua RAM.

## Zipi zimetulia zaidi?

8. Nitajie basi: Sapphire, Universe, Neat Video, Twixtor, Element 3D, ipi imetulia?

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na kurasa za wauzaji hazitakusaidia hapa. Utulivu hufuata aina ya kazi inayofanywa kuliko jina la kampuni.

Zilizo tulivu zaidi ni efekti za fremu moja: mng'ao, miale, ukungu, rangi, sura ya filamu. Sehemu kubwa ya Sapphire, Universe, Magic Bullet Looks na Dehancer iko hapa. Efekti inapokea fremu, inaikokotoa, inairudisha, na haijali kilichotangulia wala kinachofuata. Zikisumbua, ninamshuku draiva wa kadi ya picha kabla ya plagini.

Zinazofuata ni efekti za wakati, yaani Neat Video ya kuondoa chenga, Twixtor ya kupunguza mwendo, na ReelSmart Motion Blur. Hizi haziridhiki na fremu moja. Piga hesabu: fremu ya UHD ni 3840 kwa 2160, chaneli nne, baiti nne kila chaneli. Hiyo ni karibu MB 133 kwa fremu moja isiyobanwa. Efekti inayotazama fremu tano nyuma na tano mbele inashika kumi na moja, yaani karibu GB 1.5, kabla programu yenyewe haijachukua chake. Kwenye kadi ya GB 4 nafasi inakwisha mapema, na kinachoonekana kama plagini mbovu ni kumbukumbu iliyojaa. Mradi huohuo kwa 1080p unadai robo tu, MB 33 kwa fremu.

Za tatu ni za 3D na chembechembe. Element 3D huchora kwa OpenGL na kuweka modeli na picha za ngozi zake (textures) kwenye kumbukumbu ya kadi, kwa hiyo utulivu wake unategemea ulichopakia. Nembo ya herufi tatu haitaleta neno. Weka jengo zima lenye picha za ngozi za 4K kila ukuta, uone. Particular ya Trapcode, ya chembechembe, nayo mzigo wake unapanda na idadi ya chembe unazomwaga.

Halafu kuna zile zenye dirisha lao wenyewe: Mocha ya kufuatilia mwendo, Looks, sehemu ya kupangia onyesho ya Element. Hatari yao iko kwenye kufungua na kufunga dirisha, pale udhibiti unapopokezwa. Hifadhi mradi kabla ya kulifungua, kila mara.

Mashine ya kawaida ya studio ndogo yenye kadi ya GB 6 ningeiwekea plagini moja ya chenga na mkusanyiko mmoja wa efekti za kumalizia picha, niishie hapo. Vifurushi vingi ambavyo hutumii huongeza muda wa kuwaka na idadi ya washukiwa siku ya tatizo.

9. Nawezaje kuzilinganisha mwenyewe kabla ya kulipa?

Chukua toleo la majaribio na mradi mpya mtupu. Weka klipu tatu: ya simu, ya kamera yako ya kila siku, na picha mnato. Ya simu ni muhimu kwa sababu simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu inayopandashuka, na efekti za wakati huchanganyikiwa hapo. Tumia plagini moja tu kwa jaribio moja.

Toa video mara mbili, bila kubadilisha chochote, kwa ProRes au DNxHR, miundo ya video ya kazi za uhariri isiyobana picha sana. Zilaze faili hizo mbili moja juu ya nyingine kwenye taimlaini, na ya juu iwekee modi ya mchanganyiko ya Difference. Skrini inapaswa kuwa nyeusi tii mwanzo hadi mwisho. Panapowaka, fremu mbili zilizotakiwa kuwa sawa hazikuwa sawa. Efekti yenye chembe za nasibu inaweza kuwaka kihalali. Weka kwanza thamani isiyobadilika ya mbegu (seed), namba inayoanzisha unasibu huo. Kama fremu inaharibika mahali palepale mara zote mbili, jaribio hili halitaiona, kwa hiyo tazama pia matokeo kwa macho yako.

Baada ya hapo buruta kichwa cha kuchezea mbele na nyuma kwa fujo kwa dakika chache, huku Task Manager ikiwa wazi kwenye ukurasa wa kadi ya picha. Kumbukumbu ikipanda ni sawa. Ikipanda na isishuke hata ulipofunga mradi, huenda plagini inavuja, na siku ya mradi wa saa tatu inaweza kukuangusha.

10. Neat Video inafanya kompyuta yangu iugue. Ni mbovu?

Ni nzito, si mbovu. Ina sehemu ya kupimia ambayo hujaribu prosesa pekee, kadi pekee, na mchanganyiko wa vyote, kisha hukupendekezea. Iendeshe. Programu yenyewe nayo inataka kadi hiyohiyo, kwa hiyo kama kadi ni ndogo, kumpa Neat Video prosesa peke yake kunaweza kuleta amani hata kama kasi inapungua. Iwe efekti ya kwanza kwenye klipu, kabla ya rangi na kabla ya kukuza picha. Kisha irende kwenye kache na uizime ukiwa unakata.

## Ikigoma

11. Nitajuaje ni plagini ipi imeangusha programu?

Kwenye Windows fungua Event Viewer, ingia Windows Logs, kisha Application. Tafuta kosa lenye namba 1000 kwa saa ileile programu ilipojifunga. Mstari wa kwanza unataja programu iliyoanguka. Unaoutaka ni ule wa "Faulting module name". Ukisoma hapo jina linaloishia na .aex au .ofx, mshukiwa umemkamata. Namba 0xc0000005 inayotokea chini yake maana yake programu iligusa kumbukumbu isiyo yake.

Usikimbilie hukumu ukiona ntdll.dll. Hiyo ni maktaba ya Windows yenyewe, na mara nyingi ndipo maiti ilipookotwa, si palipotokea mauaji.

Kwenye Mac, ripoti ziko kwenye Library/Logs/DiagnosticReports ya mtumiaji. Tafuta uzi (thread) ulioanguka na usome majina kutoka juu kwenda chini hadi ukutane na la plagini.

12. Skrini inazimika sekunde moja, inarudi, kisha programu inajifunga. Nini hiyo?

Windows ina ulinzi unaoitwa TDR: kadi ya picha ikishikilia kazi moja kwa zaidi ya sekunde 2 bila kujibu, mfumo huichukulia imekufa na kuiwasha upya draiva yake. Efekti nzito ya 4K kwenye kadi ndogo inaweza kuzidi sekunde hizo ikiwa hai kabisa. Kwenye Event Viewer, safari hii upande wa System, utaona namba 4101.

Wapo wanaorefusha muda huo kwenye rejista ya Windows kwa thamani ya TdrDelay. Inafanya kazi, lakini jaribu kwanza kushusha ubora wa onyesho au kumpunguzia mwenyeji mzigo. Kama unatumia NVIDIA, weka draiva za Studio badala ya zile za michezo.

13. Programu haiwaki kabisa baada ya kusakinisha plagini mpya.

Premiere Pro: shikilia Alt, au Option kwenye Mac, wakati inawaka, na utapewa nafasi ya kuzima plagini za nje. Resolve ikifunguka, ingia Preferences, System, kisha Video Plugins na uzime moja moja. Isipofunguka, hamisha folda ya plagini kutoka Program Files\Common Files\OFX\Plugins, au /Library/OFX/Plugins kwenye Mac, uiweke pembeni. Irudishe nusu, jaribu, kisha nusu ya nusu. Ukiwa na plagini nyingi, njia hii ya kugawanya inamaliza kazi haraka kuliko kuzitoa moja moja.

14. Inagoma wakati wa kutoa video. Nianzie wapi?

Angalia inagoma wapi. Ikigoma fremu ileile kila mara, tatizo liko kwenye fremu hiyo: klipu iliyoharibika au efekti iliyopewa thamani isiyowezekana, kama ukubwa wa sifuri. Ikigoma leo asilimia 40 na kesho 87, tafuta kumbukumbu, joto au umeme wa laptop. Plagini hapo ni mshukiwa wa pili. Kwa hali ya kwanza, zima efekti kwenye klipu hiyo pekee na utoe kipande cha sekunde kumi.

## Matoleo na masasisho

15. Nisasishe lini?

Kati ya miradi. Kamwe si ndani ya mradi, hata kama kitufe kinang'aa. Unacholinganisha si plagini na plagini, ni mkusanyiko wa vitu vinne: toleo la plagini, la mwenyeji, la draiva na la mfumo wa uendeshaji. Badilisha kimoja tu kwa wakati, ufanye kazi nacho siku kadhaa, ndipo uguse kingine.

Kwenye Resolve, fanya nakala ya akiba ya maktaba ya miradi kabla ya kupanda toleo kubwa. Mradi uliofunguliwa kwenye toleo jipya hautakubali kurudi nyuma.

16. Nina Premiere mbili za miaka tofauti kwenye mashine moja. Si nimejikinga?

Nusu tu. Plagini nyingi za Adobe hukaa kwenye folda ya pamoja, Adobe\Common\Plug-ins\7.0\MediaCore, inayosomwa na Premiere na After Effects za matoleo yote. Ukisasisha plagini kwa ajili ya toleo jipya, umelibadilishia na la zamani. Folda ya OFX nayo ni ya pamoja kwa Resolve, Vegas na wenzao. Kwa hiyo hifadhi visakinishi vya matoleo ya plagini unazozitegemea kwenye diski ya nje, vyenye namba za matoleo kwenye majina ya folda.

17. Nimenunua Mac yenye chipu ya Apple na plagini zangu hazionekani.

Zimeandikwa kwa Intel. Programu inayofanya kazi kwa lugha ya chipu mpya haiwezi kupakia plagini ya Intel. Premiere Pro ilihamia rasmi mwaka 2021 na After Effects mwaka 2022, hivyo plagini zisizoguswa tangu kabla ya hapo ndizo zinazopotea. Kama toleo lako linaruhusu, unaweza kuiwasha programu nzima kupitia Rosetta, mkalimani wa Apple wa programu za Intel, ili zionekane, kwa gharama ya kasi. Ichukulie kama njia ya kumalizia miradi ya zamani tu.

## Kesi za pembeni

18. Plagini za kukraki zinaathiri utulivu, au ni vitisho vya wauzaji?

Zinaathiri. Aliyezivunja amebadilisha msimbo uliokwisha kujaribiwa, na mara nyingi amekata mawasiliano ya leseni kwa namna inayoifanya plagini isubiri jibu lisilokuja. Hapo ndipo kuganda kunakotokea. Tena imefungwa kwenye toleo moja, kwa hiyo ushauri wa swali la 15 haukusaidii. Sizungumzii virusi, ingawa navyo vipo. Ripoti yoyote ya "plagini fulani ni mbovu" kutoka kwa mwenye kopi ya kukraki naiweka kando.

Kama bei ndiyo kikwazo, efekti zinazokuja na Resolve ya bure na After Effects yenyewe zinafika mbali kuliko wengi wanavyodhani.

19. Leseni halali nayo inaweza kusumbua?

Ndiyo. Plagini za usajili wa mwezi hukagua leseni mtandaoni mara kwa mara, na baadhi zikishindwa huweka alama yao juu ya picha badala ya kukataa waziwazi. Kabla ya kwenda kufanya kazi mahali pasipo na intaneti ya uhakika, fungua programu ukiwa na mtandao, hakikisha akaunti imeingia, na utoe kipande kifupi.

20. Nampelekea mwenzangu mradi wenye plagini asizo nazo. Utafunguka?

Kwa kawaida utafunguka, efekti zikiwa zimetajwa kuwa hazipo na picha ikionekana bila hizo. Asiguse wala asifute efekti hizo, akirudisha mradi zitafufuka kwako. Kama anachohitaji ni kukata tu, mpe klipu zilizokwisha kurendwa kwa ProRes au DNxHR. Fanya hivyohivyo kabla ya kuweka mradi kwenye kumbukumbu ya kudumu.

21. Umeme hukatika, na efekti zangu za After Effects huchukua usiku kucha. Nifanyeje?

Usitoe video moja ndefu. Toa mfululizo wa picha, TIFF au EXR, na kwenye Render Settings weka tiki "Skip existing files". Umeme ukirudi, futa picha ya mwisho iliyoandikwa, maana huenda iliishia nusu, kisha bonyeza Render tena. Itaendelea pale ilipoachia. Sauti itoe peke yake na uiunganishe mwishoni kwenye programu ya kuhariri.